Je, Mtunzi wa Hadithi Afungwe na Sarufi?

Kila mara wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi tunaofundisha mbinu za somo la Kiswahili huulizwa swali moja: ikiwa watunzi mashuhuri hujiandikia wapendavyo, kwa nini tumkosoe mtoto wa Darasa la Sita? Swali hili si la mzaha. Mwalimu asiye na jibu lake atapotoka kwa mojawapo ya njia mbili. Ama atazijaza insha wino mwekundu hata watoto wachukie kutunga, ama ataliacha kila kosa lipite kwa jina la sanaa.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, yaani kanuni za utungo na kanuni za sarufi. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi juu ya sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Ubishi uliozuka baina ya washairi ulikuwa mkali, lakini ulihusu vina na mizani; haukuhusu upatanisho wa ngeli. Tena, hao washairi wa jadi waliovitetea vina ndio waliokuwa na ruhusa ya zamani ya kuigeuza lugha. Hulifupisha neno, nao huita inkisari. Hulirefusha, nao huita mazida. Huibadili sauti yake, nao huita tabdila. "Aliyekuja" huwa "alokuja", wala hakuna anayelalamika. Hata hivyo uhuru huo una sababu yake: mshairi huilegeza kanuni moja ili aitimize nyingine.

Mtunzi wa hadithi hana mizani ya kutimiza. Analazimika nini basi? Kwa maoni yetu, analazimika kumfanya kila mtu katika hadithi aseme kama alivyo. Tuchukue sentensi hii: "Vitabu yangu imepotea." Ikiwa ni maneno ya msimulizi, ni kosa, na yafaa isahihishwe. Lakini ikiwa ni maneno ya mgeni aliyefika mjini juzi, naye ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili, sentensi hiyo imetueleza habari zake kuliko aya nzima ya maelezo.

Tukumbuke pia kwamba sarufi tunayoifundisha ni ya Kiswahili Sanifu. Msingi wake ni Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 ili kukisanifisha Kiswahili. Uchaguzi huo umekuwa na manufaa makubwa kwa shule na vitabu, lakini haukuzinyang'anya lahaja nyingine sarufi zake. Bibi wa Mombasa asemaye "ndia" badala ya "njia" hajavunja kanuni yoyote. Anafuata kanuni za kwao.

Tuliwahi kukaa nyuma ya darasa moja wakati wa mazoezi ya kufundisha, tukapitia madaftari yaliyokwisha kusahihishwa. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kisa cha bibi mgonjwa awaitaye wajukuu: "Njoni nyie watoto, mie sina nguvu." Mwalimu alikuwa ameyafuta maneno hayo na kuandika juu yake: "Njooni ninyi watoto, mimi ni dhaifu." Bibi yule akageuka mtangazaji wa redio! Mistari miwili chini yake, katika maneno ya msimulizi, ilisomeka: "Miguu yake ilikuwa zinatetemeka." Hapo hapakuwa na alama yoyote. Palipo sahihi pamekosolewa, na penye kosa pameachwa. Mtoto yule atajifunza nini, isipokuwa kwamba bibi yake hana nafasi katika daftari la shule?

Kadhalika, tusidhani kwamba sarufi ni adui wa mtunzi. Mara nyingi ndiyo inayomsaidia. Linganisha: "Mtu mkubwa alikuja, akakaa mlangoni," na "Jitu lilikuja, likakaa mlangoni." Ile "li-" peke yake imeleta hofu, nayo imetoka katika ngeli zile zile tunazozifundisha ubaoni. Au tazama: "Sungura huyo, mbio! Fisi nyuma. Kimya." Hakuna kitenzi hata kimoja, na kila msikilizaji wa ngano ameelewa. Mtoto aliyezoea hadithi za jioni huyajua haya kabla hajaja shuleni. Kazi yetu ni kumwonyesha mahali pa kuyatumia.

Kwa hiyo twapendekeza utaratibu huu katika kusahihisha insha za masimulizi. Kwanza, isome insha yote kalamu ikiwa mezani. Pili, ufikapo penye neno la kutilia shaka, jiulize: ni nani anayesema hapa, msimulizi au mhusika? Tatu, mwite mtoto, umwulize kwa nini ameandika hivyo, kisha umtake aseme jambo hilo hilo kwa Kiswahili Sanifu. Akiweza kusema namna zote mbili na kueleza sababu yake, amechagua, mwachie. Asipoweza, hajachagua kitu. Hilo ni kosa, na ni wajibu wako kulifundisha kwa upole. Ikiwa darasa ni kubwa, chagua sentensi tatu au nne kutoka katika insha mbalimbali, uziandike ubaoni bila majina, darasa zima lizijadili.

Ndipo tunapopata jibu la swali tulilolianza. Mtunzi mashuhuri huruhusiwa kuikiuka kanuni kwa sababu anaijua, na kwa sababu hadithi yake imeidai. Mtoto naye apewe ruhusa hiyo hiyo kwa sharti lile lile. Lakini ili alitimize sharti hilo, lazima awepo mwalimu aliyemfundisha kanuni barabara. Ndugu wanachuo, mwendapo madarasani, fundisheni ngeli kwa bidii yote, kisha mwacheni bibi wa hadithi aseme kwa kinywa chake.