Tepe za Baba Hazishonwi Kwenye Shati la Mwana

Kijana wa askari anapojiunga na jeshi hupewa namba yake mwenyewe. Hata kama mzazi wake alistaafu akiwa na cheo kikubwa, yeye huanzia chini kama wenzake. Katika siasa mambo hayako wazi namna hiyo. Huko jina la mzazi laweza kumtangulia mtoto mlangoni, na watu wakabaki wakijiuliza kama aliyeingia anastahili. Maisha ya William Lacy Clay wa jimbo la Missouri, Marekani, ni kielelezo cha jambo hilo.

Baba yake, William Clay, alitumikia jeshi tangu 1953 hadi 1955. Ingawa Rais Truman alikuwa ameamuru mwaka 1948 ubaguzi ukomeshwe jeshini, katika kambi ya Fort McClellan, Alabama, askari weusi walinyimwa bwawa la kuogelea na huduma ya kinyozi. Clay aliwaongoza wenzake kuingia bwawani na kugoma kunyolewa. Aliporudi kwao St. Louis alichaguliwa kuwa diwani mwaka 1959. Mwaka 1963 aliandamana kuitaka Benki ya Jefferson iwaajiri watu weusi kazi za ukarani. Kwa kukaidi amri ya mahakama alitiwa jela, akakaa humo zaidi ya siku 100. Mwanawe Lacy, aliyezaliwa mwaka 1956, alikuwa na umri wa miaka saba.

Mwaka 1968 mzee huyo alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka Missouri kupata heshima hiyo. Alikuwa mmoja wa waliopigania kwa miaka mingi sheria ya likizo ya kifamilia, iliyotiwa saini mwaka 1993. Kwa sheria hiyo, wafanyakazi wengi wa Marekani walipata haki ya kukaa nyumbani hadi majuma 12, ingawa bila mshahara, ili kulea mtoto mchanga au kuuguza jamaa, pasipo kupoteza kazi.

Lacy hakuanza kwa kukaa kitini. Alifanya kazi ya ubawabu katika Baraza lile lile alimoketi baba yake, na jioni akahudhuria masomo katika Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka 1983, alipomaliza masomo, alirudi Missouri na kushinda uchaguzi mdogo wa bunge la jimbo. Alilitumikia bunge hilo miaka 17, kwanza katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, kisha katika Seneti tangu 1991. Miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia ni sheria ya kuongeza adhabu kwa makosa yatendwayo kwa chuki ya rangi au dini.

Baba alipostaafu, mwana aligombea nafasi yake mwaka 2000, akawashinda wapinzani, na Januari 2001 akakalia kiti kile kile. Je, alikirithi au alikipata kwa jasho? Haki yataka isemwe kwamba yote mawili yalikuwamo. Miaka 17 ya kazi ilikuwa yake. Jina lililofahamika kila mtaa lilikuwa la mzee.

Naye mpiga kura hana deni la milele. Cori Bush, muuguzi na mchungaji, alishindana na Lacy mwaka 2018 akashindwa. Agosti 2020 alirudi, akamshinda katika uchaguzi wa mchujo wa chama chao. Hivyo miaka 52 ya baba na mwana katika kiti hicho ikafika mwisho. Bush mwenyewe aliangushwa mwaka 2024. Mzee Clay aliishi kuyaona hayo yote, akafariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 94.

Mzazi mwenye cheo humfaa mwanawe akimfundisha kazi kabla ya kumwachia jina. Pengine kazi ya kwanza ya Lacy ndiyo iliyokuwa na funzo kubwa kuliko zote: bawabu hupokea wageni, huwafungulia mlango na kuufunga jioni, lakini hujua daima kwamba nyumba si yake.