Kiwanja, mfereji, kitunga: mazoea madogo ya avenyu yetu

Neno «mazingira» nilijifunza shuleni, si nyumbani. Linatokana na kitenzi kuzingira, maana yake ni vyote vinavyotuzunguka, na walimu wetu wanalipenda. Lakini tangu nianze masomo ya lugha chuoni, nimekuwa nikisikiliza jinsi watu wa Kindu wanavyosema, na bado sijamsikia mama hata mmoja sokoni akilitumia. Watu husema kiwanja, mfereji, mto, pori. Wakizungumza juu ya udongo unaoliwa na mvua husema erozio, neno la Kifaransa lililokwisha kupata uraia katika vinywa vyetu. Kiswahili chenyewe kilifika Maniema na misafara ya karne ya 19, kupitia Nyangwe na Kasongo, na tangu hapo hakijaacha kuokota maneno njiani.

Naanza na maneno kwa sababu moja. Tangazo la redio likisema «vijana, tuhifadhi mazingira», kila mtu anakubali na hakuna anayesimama. Tangazo halisemi uende wapi wala ushike nini mkononi. Mtu akisema «mfereji wa mbele ya kwa baba fulani umejaa, mvua ikija leo jioni maji yatapita nyumbani mwake», watu wanatafuta majembe. Katika insha hii nataka kutaja mazoea machache ya kila siku niliyoyaona kwenye avenyu yetu, kila moja kwa jina lake, na kueleza kwa nini mengine yameshika na mengine yamekufa.

Kwanza tuseme hatari ni ipi. Kindu imekaa kando ya Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, Alunguli ng'ambo ya pili, na mitumbwi inavusha watu kutwa nzima. Mvua zetu ni za nchi ya ikweta, zinashuka kwa nguvu na kwa muda mfupi. Maji yote yanatafuta mto. Zamani nyumba nyingi ziliezekwa kwa majani, na majani yanayapunguzia maji mwendo. Leo tuna mabati. Bati linatupa maji yote mara moja chini, juu ya kiwanja kilichofagiliwa hadi udongo unang'aa, nayo yanakimbilia njiani. Njia inayoshuka mtoni inageuka mfereji, na mfereji ukizibwa na taka, maji yanachimba pembeni. Mwaka wa kwanza ni ufa ambao mtoto anauruka. Miaka michache baadaye ni korongo linaloweza kumeza jiko, choo, halafu nyumba. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu hata nafasi ya kujenga ukuta huo inaweza kukosekana.

Kwenye avenyu yetu ufa huo uko kati ya nyumba zetu na shule ya msingi. Watoto wanazunguka nyuma ya viwanja vya watu ili wafike darasani, na mvua ikinyesha asubuhi wadogo hawaendi kabisa. Ndiyo maana siwezi kuandika juu ya jambo hili kama somo la mtihani.

Zoea la kwanza ni ufagio. Koko wangu hufagia kiwanja kabla jua halijatoka, na hakuna mgeni atakayemkuta hajamaliza. Kwake kiwanja kisicho na jani ni heshima ya nyumba, tena ni ulinzi, maana nyoka hujificha katika majani. Nilipomwambia kwamba udongo ulio wazi ndio unaochukuliwa na mvua, alinijibu: «Mjukuu wangu, nyoka akikuuma, erozio itakusaidia nini?» Nilikaa kimya, kwa sababu alikuwa na haki. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyepata njia. Alipanda mchaichai kwa mistari miwili upande wa chini wa kiwanja, mahali maji yanapotokea. Mashina yake yanasongamana, yanazuia udongo, na majani yanakatwa kila mara kwa chai, hivyo hayawi pori. Koko bado anafagia katikati, na takataka za majani anazisukumia kwenye mistari ile. Siku hizi jirani wanakuja kumwomba miche, naye anaitoa kama kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Zoea la pili ni kuyakamata maji ya bati kabla hayajafika chini. Hapa naomba msomaji afanye hesabu nami. Paa dogo la mita za mraba 30, mvua ya milimita 10 tu: hizo ni lita 300, yaani bidoni 15 za lita 20. Hata kama sehemu inamwagika, mvua moja ya jioni inabaki na safari nyingi za kwenda chemchemi. Nyumbani safari hizo zilikuwa za mdogo wangu wa kike. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapanga mstari na wasichana wenzake, akafika shuleni amechoka na wakati mwingine amechelewa. Mfereji wa paa uliotengenezwa kwa bati la zamani, pamoja na pipa lenye kifuniko, umempunguzia kazi hiyo katika miezi ya mvua. Maji hayo ni ya kufua, kuosha vyombo na kuoga. Ya kunywa bado tunachota na kuchemsha. Pipa lazima lifunikwe, la sivyo tutafuga mbu. Naona hapa kwamba kijana na udongo walisaidiwa kwa kitu kimoja: maji yaliyokuwa yanachimba kiwanja sasa yanamwachia msichana saa moja ya kulala au ya kusoma.

Zoea la tatu ni gumu zaidi: sashe. Serikali ya Congo ilitia sahihi amri ya kukataza mifuko ya plastiki tarehe 30 Desemba 2017. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, Kenya mwezi wa nane 2017, Tanzania ikafuata mwezi wa sita 2019. Lakini ukipita soko lolote la Kindu utaona kwamba amri na sashe vinaishi pamoja bila ugomvi. Sababu haifichiki. Watu wengi wananunua chakula cha siku moja: mafuta ya mawese ya kupika mara moja, chumvi ya vidole viwili, sukari ya kikombe. Kipimo kidogo kinahitaji chombo kidogo, na sashe ndiyo rahisi kuliko vyote. Kumwambia mama huyo «acha plastiki» bila kutaja mafuta atayatia wapi, ni kumwambia aache kupika.

Hata hivyo, kabla ya sashe watu walinunua mafuta. Walikwenda na chupa yao. Samaki na kwanga vilifungwa kwa majani mapana ya pori, na kwanga mpaka leo vinafungwa hivyo. Mtu alitoka nyumbani na kitunga. Mama mmoja anayeuza mawese karibu na kwetu ameanza kumpa matabisi kila anayekuja na chupa, kijiko kimoja juu ya kipimo, kwa sababu sashe naye anazinunua kwa pesa yake. Hakufundishwa na semina yoyote. Vijana wanaotumwa sokoni ndio waliolipokea haraka, maana kijiko kile kinaonekana. Nimeona wavulana, ambao zamani wangeona haya kushika kitunga, wakitembea na chupa mbili mkononi bila aibu. Aibu imeshindwa na matabisi.

Zoea la nne lina jina zito: salongo. Ni neno la Kilingala, na wazee wanalikumbuka tangu enzi za Mobutu, miaka ya 1970, kama kazi ya pamoja iliyokuwa ya lazima. Ukilitaja mbele yao wengine wanacheka, wengine wanakunja uso. Kazi ya kusukumwa iliacha chuki, na chuki hiyo imerithiwa na sisi ambao hatukuiona. Majirani zetu wa Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na wengi hapa hutaja mfano huo kwa wivu. Lakini hatuwezi kuazima desturi ya watu bila kuazima pia mamlaka inayoisimamia.

Vijana wa avenyu yetu hawakuita kazi yao salongo. Walikuwa na uwanja wa mpira, na ufa ulikuwa unakaribia goli la upande wa chini. Wakakubaliana kwamba kila Jumamosi kabla ya mechi watu wazibue mfereji kwa nusu saa, na asiyeshika jembe hachezi. Basi. Hakuna hotuba. Ilipita miezi miwili, wasichana wakauliza swali ambalo hatukulitegemea: «Sisi tunazoa taka pamoja nanyi, kisha ninyi mnacheza na sisi tunarudi jikoni. Uwanja huu ni wa nani?» Pakawa na kelele. Mwishoni ikakubaliwa kwamba wasichana wacheze kwanza, wakati jua ni dogo. Tangu siku hiyo idadi ya majembe imeongezeka. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za kupanda miti nchini Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alianza na wanawake wa vijijini waliohitaji kuni na maji karibu. Alijua kwamba anayebeba mzigo ndiye mwenye sababu ya kuamka mapema.

Kuna zoea la tano, dogo kuliko yote, na ndilo ninalolithamini zaidi. Msichana mmoja wa kundi hilo, mwanafunzi wa sekondari, alipigilia vijiti kwenye ukingo wa korongo. Baada ya kila mvua kubwa anapima kwa hatua kutoka kijiti hadi ukingo, na anaandika katika daftari: tarehe, mvua ilidumu kiasi gani, hatua ngapi zimebaki. Wakubwa walimdhihaki. Lakini wajumbe wa avenyu walipokwenda katika ofisi moja kueleza shida yao, hawakulia tu kwamba «erozio inatumaliza». Walifungua daftari. Yule bwana aliyewapokea alisoma, akauliza nani ameandika, akanakili zile tarehe. Aliahidi kuleta mafundi. Mpaka ninapoandika haya mafundi hawajafika, na msichana anaendelea kupima.

Hapo ndipo lazima niseme mipaka ya hayo yote. Mchaichai hauzuii korongo lenye kina cha nyumba. Kazi hiyo inahitaji saruji, mawe na wahandisi, na ni deni la wenye mamlaka. Vilevile siwezi kumhubiria kijana anayechoma makala porini kwa sababu hana kazi nyingine. Kila kilo ya makala anayouza imekula kilo nyingi za kuni, naye anajua, maana kila mwaka anatembea mbali zaidi kuzitafuta. Jikoni tunaweza kupunguza kidogo: kuloweka maharagi usiku, kufunika sufuria, kuzima mbabula mara chakula kinapoiva ili makala yaliyobaki yapike kesho. Koko anafanya yote matatu kwa ajili ya pesa. Pori linapata faida bila kutajwa.

Na pori letu si dogo. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016 katika Maniema na Tshopo, ina lesula, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimwita kwa jina hilo hilo siku zote. Jina lilikuwepo kabla ya kitabu. Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita hapo bila kusimama.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa kitivo ni la kazi yetu wenyewe. Kila mwaka tunaandika tafsiri za mabango na vipeperushi, tukitafuta neno zuri la kila neno la Kifaransa. Kabla ya kuandika, twende tukaulize wanaoshika ufagio, bidoni na jembe wanaviitaje vitu hivyo. Tuandike «funika pipa», «njoo na chupa yako», «panda mchaichai upande wa chini wa kiwanja». Sentensi hizo hazitashinda tuzo. Lakini mtu akizisoma atajua la kufanya kabla mvua ya jioni haijanyesha, na mtoto wa avenyu yetu atafika darasani asubuhi inayofuata.