Gahanga na Mwendo wa Rumba

Atokaye katikati ya jiji la Kigali kwa barabara ya kusini iendayo Bugesera hupita Kicukiro, akapanda na kuteremka, hatimaye akafika Gahanga. Zamani si nyingi sehemu hii ilikuwa na migomba na maharage kuliko nyumba. Leo mapaa ya mabati yanameta hadi karibu na bonde la mto Nyabarongo. Wageni wengi huja kuutazama uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017, wenye matao makubwa yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hapo hapo Rwanda. Lakini mchezo wenye wapenzi wengi zaidi Gahanga hauhitaji gongo wala mpira.

Mtu na asubiri jioni ya Jumamosi. Katika baa za kando ya barabara moshi wa mishikaki ya mbuzi, ambayo wenyeji huiita burusheti, hutangulia. Kisha gitaa hufuata. Muziki huu unaopigwa na watu waliopo, si wa kanda, huitwa igisope, na nyimbo zenyewe, za siku za ujana wa wazee, huitwa karahanyuze. Wimbo wa pili haujaisha, mzee mwenye koti husimama, humwinamia mkewe, nao huingia uwanjani wakienda taratibu: hatua mbili huku, hatua mbili kule, kiuno kikizunguka kwa adabu.

Mwendo huo ulitoka mbali, au tuseme ulirudi kutoka mbali. Ngoma za Waafrika waliopelekwa utumwani zilikaa Cuba zikachanganyika na gitaa la Kihispania. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú ilirekodi "El Manisero" huko New York, na katika miaka ile ya 1930 santuri za Kikuba zenye alama ya GV zikaanza kuuzwa Afrika. Wakongo walipozisikia hawakuona ugeni. Mpaka leo wengi wao husema kwamba neno rumba latokana na "nkumba", yaani kitovu, katika lugha ya Kikongo. Joseph Kabasele akaunda African Jazz mwaka 1953, OK Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956. Cha-cha-cha nayo, iliyobuniwa na Mkuba Enrique Jorrín, ilikuta miguu imekwisha kuwa tayari. Na mwaka 1960 Kabasele na wenzake walipotoa "Indépendance Cha Cha", uhuru wenyewe ulichezewa kwa hatua za Havana. Hata Morogoro, Salum Abdallah hakuona haya kuiita bendi yake Cuban Marimba.

Rwanda, jirani wa Kongo na iliyotawaliwa na Mbelgiji yule yule hadi tarehe 1 Julai 1962, isingeweza kubaki nyuma. Katika miaka ya 1970 na 1980 Orchestre Impala ya Kigali iliimba rumba kwa Kinyarwanda. Miongoni mwa waimbaji wake alikuwa André Sebanani, ambaye pia aliigiza michezo ya kuigiza ya Radio Rwanda, hata sauti yake ikajulikana katika nyumba ambazo hazikuwahi kuiona sura yake.

Sebanani aliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapa Gahanga pana ukumbusho wa waliouawa, na mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo lipo kanisa la Nyamata, ambalo mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo si jambo dogo kijana aliyezaliwa baada ya mwaka ule anaposhika kipaza sauti na kuimba nyimbo za Sebanani. Watazamaji wenye umri humtazama mwimbaji, lakini yaelekea wanamsikia mwingine. Wapo wasioinuka kwenye viti vyao kamwe, wala hakuna awaulizaye sababu.

Kila tarehe 7 Aprili juma la maombolezo huanza, na magitaa hunyamaza nchi nzima. Baada ya hapo hurudi polepole.

Vijana wa Kigali sasa wana salsa yao, yenye mizunguko ya haraka na viatu maalumu. Ni nzuri, ila wengine huicheza wakihesabu kwa midomo, jambo ambalo wazee wa Gahanga hulitazama kwa huruma. Wao hawakufundishwa na mtu. Tena wameitia rumba kitu chao: ifikapo sehemu ya gitaa peke yake, akina mama huwaachia waume zao mikono, wakainua yao juu kama pembe za ng'ombe wa inyambo, kama wafanyavyo katika ngoma ya kwao. Mpiga gitaa akiwaona hivyo huirefusha sehemu ile, na mishikaki hupoa mezani.