Umri wa Udongo, Umri wa Sheria

Udongo wa mfinyanzi ni shahidi mgumu kuhojiwa. Chembe zake huletwa na maji kutoka milimani zikiwa na umri wa miamba iliyozizaa. Anayepima tope la ziwa kwa pupa anaweza kupata umri mkubwa kuliko wa ziwa lenyewe. Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walipotangaza mwaka 1961 kwamba tabaka la chini la Olduvai lilikuwa na umri wa takribani miaka milioni 1.75, walitegemea madini ya volkano, wala si udongo.

Hata hivyo, si kila bonde lina majivu ya volkano. Watafiti kama Norbert Clauer wa Strasbourg, Ufaransa, waliamua kuuhoji udongo wenyewe. Rubidi-87 hugeuka kuwa stronti-87 polepole mno; nusu yake huhitaji takribani miaka bilioni 49. Stronti iliyozaliwa ndani ya fuwele ndiyo saa yetu. Nyingine ilikuja na maji tu, ikajishikiza juu ya chembe au ndani ya chokaa. Kwa hiyo chembe laini kabisa hutengwa, huoshwa kwa asidi hafifu kwa muda mfupi, kisha huchujwa. Asidi ikiwa dhaifu mno, stronti ngeni husalia. Ikiwa kali mno, fuwele huvunjika na saa huharibika.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba maji yale ya asidi hayamwagwi. Nayo hupimwa, kwa kuwa yanaweza kueleza mazingira ambamo udongo ulizaliwa, na bila mwanzo huo hesabu ya umri haina pa kusimama.

Mimi ninafundisha siasa, na njia hii hunijia akilini kila tunapojadili ardhi darasani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ina tarehe ya 1999. Lakini wazo lake kuu, kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya mkuu wa dola, lina chembe za sheria ya Waingereza ya 1923, iliyoiweka ardhi mikononi mwa Gavana. Tarehe ya jalada si umri wa yaliyomo.

Wapo wanafunzi wangu wanaotaka kila cha kikoloni kifutwe. Hiyo ni asidi kali. Marekebisho ya 1928, ya utawala uleule, ndiyo yaliyotambua umiliki wa kimila. Ukiyeyusha yote, mwanakijiji hupoteza kinga pamoja na minyororo. Wapo pia watumishi wa umma wanaoridhika kubadili majina ya vyeo. Hiyo ni asidi isiyoosha kitu.

Ombi langu kwa wanaoandika sheria ni dogo. Wachambue kifungu kwa kifungu, waoneshe kipi kimerithiwa na kipi kimezaliwa hapa. Na wanachokiondoa wakihifadhi pamoja na sababu zake, ili wajao waweze kupima upya.