Kuifuata Harufu ya Moshi, Fort Worth hadi Houston

Wengi wetu huijua Texas kwa barabara kuu ya 45 tu. Twatoka Dallas kwenda Houston kwa arusi au msiba, mwendo wa kilomita zipatazo 385, pilau tumeifungasha nyumbani, wala hatusimami ila kwenye kituo cha petroli. Miji midogo twaiogopa, na hofu hiyo haikosi sababu zake. Lakini mtu hawezi kuishi katika nchi miaka 20 akabaki mpita njia. Kwa hiyo Jumamosi moja, wazee wawili na wajukuu watatu, tuliamua kwenda Houston kwa njia ndefu, tukiitafuta nyama ya kubanika ambayo ndiyo fahari ya jimbo hili.

Nyama hii isifananishwe na nyama choma ya kwetu. Nyama choma huiva juu ya makaa kwa saa moja au mbili. Hapa kidari kizima cha ng'ombe hupakwa chumvi na pilipili manga, kikawekwa mbali na ndimi za moto, na kikaachwa katika moshi wa kuni za mwaloni kwa saa 12 au zaidi. Kidari ni nyama ngumu: moto wa haraka huikaza, bali moto wa subira huyayusha ukano wake hata ikakatika kwa vidole.

Tuliondoka Fort Worth saa kumi alfajiri, tukapita Waco, Cameron na Rockdale, mpaka Lexington, mji wa watu wapatao 1,200. Mkahawa wa Snow's, uliofunguliwa mwaka 2003, huuza Jumamosi tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi nyama iishe. Mwaka 2008 jarida la Texas Monthly liliutaja kuwa bora kupita yote katika jimbo. Aliyeupa sifa ni Bi. Tootsie Tomanetz, aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye siku za juma alifanya kazi ya usafi na matengenezo shuleni, na Jumamosi akachochea moto, hata alipopita umri wa miaka 80. Sisi tuliozeeka shuleni twajua jinsi watu wa kazi hiyo wanavyosahauliwa. Hapa walimwengu hupanga foleni gizani kwa ajili ya mmoja wao.

Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja na kitu hadi Lockhart, mji uliotambuliwa na bunge la Texas kuwa makao makuu ya nyama hii. Wahamiaji wa Kijerumani walifungua bucha katika sehemu hizi, na nyama isiyouzwa wakaibanika ili isiharibike. Vibarua wa mashamba ya pamba, Weusi na Wameksiko, wakainunua na kuila papo hapo juu ya karatasi ya buchani. Hata leo nyama hupimwa kwa ratili na kuletwa juu ya karatasi.

Bucha la Kreuz lilianzishwa mwaka 1900. Edgar Schmidt alilinunua mwaka 1948. Baadaye biashara ikawa ya wanawe wa kiume, na jengo akamwachia binti. Kaka na dada hawakupatana. Mwaka 1999 biashara ikahamia jengo jipya, na makaa yenye moto yakakokotwa barabarani ndani ya karai kutoka jiko la zamani hadi jipya. Dada akafungua Smitty's pale pale pa kale. Wajukuu walicheka, sisi tulikumbuka vijijini kwetu, mtoto akitumwa kwa jirani kuomba moto. Ndugu waligawanyika, lakini moto haukuzimika.

Jioni tulifika Houston, mtaa wa Acres Homes, kwenye mkahawa wa Burns Original ulioanzishwa na Roy Burns mwaka 1973. Hapa ni kwa Wamarekani Weusi: nyama ni laini zaidi, ina mchuzi mtamu, na kiazi kikubwa hujazwa nyama. Maarifa ya moto huu yalishikwa kwa muda mrefu na mikono ya watumwa. Tarehe 19 Juni 1865, Jemadari Gordon Granger alitangaza Galveston kwamba watumwa wa Texas wako huru. Tangu mwaka 1866 siku hiyo husherehekewa, na nyama ya kubanika haikosekani. Mwaka 2021 ikawa sikukuu ya taifa zima. Vijana wetu, ambao wenzao shuleni huwauliza wao ni Weusi wa wapi, yafaa waijue habari hii na waile nyama hii.

Kwa familia zitakazopenda kusafiri: wahini mapema, kwani adhuhuri huenda mkakuta sinia tupu. Ratili moja yatosha watu wawili au watatu. Waislamu wasidhani kuwa nyama ya ng'ombe pekee yatosha: aghalabu nguruwe hubanikwa jiko lilo hilo, soseji za Lockhart huchanganywa naye, na uchinjaji si wa kisheria, ni vema kuuliza kwanza. Asiyeweza kwenda mbali aende Goldee's, Fort Worth, iliyofunguliwa mwaka 2020 na kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya Texas Monthly mwaka 2021. Na mkiwa kwenye foleni, semeni na aliye mbele yenu. Foleni ni ndefu, na kila mtu hapo ana njaa kama ninyi.