Nyumba Isiyo na Pua

Mimi ndiye niliyeivunja nyumba ya mama yangu. Sikushika nyundo. Niliivunja kwa maneno, katika vikao vitatu vya familia, mwaka 2014, tena nikiwa nimeketi kwenye baraza yake hiyohiyo.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi Kariakoo, Dar es Salaam: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati kutoka mlango wa barazani mpaka mlango wa uani. Uani kulikuwa na jiko, bafu, choo na mwarobaini mmoja. Bati limekula kutu, kiwanja dhahabu. Mwekezaji akaja na mkataba wa ubia: yeye ajenge ghorofa nane, sisi tupate fremu mbili chini na makazi ghorofa ya nne. Mama aliuliza neno moja tu: "Na hewa?" Tukacheka. Nikamwambia, "Mama, nitakufungia kiyoyozi, utajifunika blanketi mwezi wa pili."

Na kweli alijifunika. Sijutii fedha, nisidanganye. Fremu moja nauzia mapazia, kodi ya nyingine imesomesha watoto. Watoa ushuhuda wengi hupenda kuitukana dunia waliyoiacha; mimi yangu bado inanilisha.

Joto lilitukuta Januari 2024. Nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na mitaa ya Kariakoo ilikuwa ikinguruma kwa jenereta zilizopangwa vibarazani. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka kupita kiasi, kiyoyozi kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kikanyamaza. Fundi kijana kutoka mtaa wa Gerezani akapanda ngazi, akafungua boksi la nje, akanusa.

"Mzee, kompresa imeungua. Hii siyo gesi."

Ya aina ile haikuwepo dukani, ilibidi kusubiri mzigo. Wiki mbili, alisema. Zikawa sita.

Anayedhani joto la Dar ni jua hajalala ghorofani Februari. Mchana nyuzi 32 au 33, hilo tumelizoea. Kazi iko usiku. Hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki, linakaa juu ya ngozi kama mafuta ya kupaka. Ukuta umekunywa jua kutwa nzima. Saa sita ya usiku ukiuwekea kiganja, unakurudishia lile la saa nane mchana. Feni ya kuchaji ilitufaa saa mbili tatu, kisha ikapepea kama mtoto aliyelazimishwa kumpepea mgeni. Mama akatoka harara kuanzia shingoni mpaka mgongoni. Nilikuwa nalowesha kanga, naikamua, namfunika. Robo saa haipiti imeshakuwa vuguvugu.

Nilifungua madirisha yote. Ndipo nikakiona kitu ambacho mapazia yangu mazito yalikuwa yamenificha miaka yote: madirisha ya nyuma yanatazama ukuta wa ghorofa la jirani. Kichochoro chenyewe, ukinyoosha ufagio unaugusa ukuta wa pili. Ndani yake nilihesabu maboksi kumi na tisa ya viyoyozi, na yale ya wenye jenereta yalikuwa yakitema moto humohumo, moto ukiingia kwangu. Ubaridi wa jirani ulikuwa joto langu. Nami kwa miaka nilikuwa nimemtemea mtu vivyo hivyo bila kujua ni nani.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha juu ya vigae. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii haina pua. Ina macho tu."

Wiki hiyohiyo mdogo wangu anayeishi Leeds akapiga simu ya video. Yuko sebuleni kwake, amevaa koti na kofia ya sufu. Mtambo wa kupasha nyumba umekufa, nje barafu, fundi atakuja keshokutwa. Mimi niko kifua wazi, nimejifunga taulo. Tulitazamana, tukaangua kicheko mpaka mama akauliza kuna nini. Wamehamia chumba kimoja, yeye, mkewe na watoto wawili, wameziba nyufa za madirisha kwa nailoni na kusokomeza taulo chini ya mlango. "Afadhali nyumba za huku zinajua kushika joto," akasema.

Maneno hayo yalinikosesha usingizi kuliko harara. Kule nyumba hushika joto kwa sababu joto ni mali. Na mimi nilikuwa nimefanya nini? Vioo vya kusukuma ambavyo nusu yake haifunguki kamwe, mlango unaobana, pazia juu ya pazia. Nilikuwa nimemjengea mama nyumba ya Leeds hapa Kariakoo, kisha nikatundika mashine moja ukutani iitibu.

Nikaanza kuikumbuka ile tuliyoivunja. Ukumbi haukuwa njia ya kupita watu tu. Kaskazi ikivuma, ukifungua mlango wa mbele na wa uani, upepo ulipita katikati kama mgeni mwenye haraka. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, ndiyo maana tulisikia ugomvi wa kila mpangaji, na ndiyo maana tulipumua. Marehemu baba alikuwa na meza ya viungo Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolisanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miamvuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, pembeni pako wazi. Nilikuwa nampelekea chakula saa saba mchana, na sikumbuki kumkuta akijipepea. Moto uliliunguza Julai 2021. Siku zile za joto nilikuwa napanda juu ya paa letu kutafuta upepo, naliona bado liko mikononi mwa mafundi.

Mabadiliko yenyewe hayakutoka kichwani mwangu. Usiku wa tisa bila kiyoyozi mama aliamka, akaufungua wazi mlango unaotokea kwenye ngazi. Upepo ukaingia kwa dirisha la barabarani, ukapita sebuleni, ukatokea koridoni. Nikaufunga. Ghorofani mlango hufungwa. Kuna wezi, na pia, niseme ukweli, mlango wazi niliuona ni umaskini. Akaufungua tena bila kunitazama, akachukua mkeka wake, akautandika koridoni.

Usiku wake wa tatu koridoni hakuwa peke yake. Alikuwepo mama wa Rombo anayeuza viatu, na kichanga chake kifuani. Kijana wa Kigoma wa mlango wa pili, na chupa ya chai ya tangawizi. Tulikuwa tumekaa ghorofa moja miaka sita, na mimi nilimjua yule mama kwa sauti ya funguo zake. Nikashusha mapazia mazito, nikaacha ya wavu. Nikamwita mwashi, akatoa kioo cha juu ya mlango na kujenga matofali ya matundu. Gharama haikufika nusu ya kompresa.

Kompresa ilifika Machi. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, ulikuwa umeshaanza kuzalisha na mgao ukaanza kulegea. Fundi akafunga, akawasha, sebule ikapoa mpaka vinyweleo vikasimama. Mama alikaa kama dakika kumi, kwa adabu. Kisha akaukunja mkeka wake, akaenda nao koridoni, mlango akauacha wazi.

"Mama, fungeni mlango," fundi akamwambia, "baridi yote inatoka."

"Iache itoke, baba," akajibu akiwa nje. "Huku kuna watu."