Kijana wa Miaka 19 Anayeitwa Mzee

Ushawaona. Wawili wawili, shati nyeupe, tai, baji nyeusi kifuani, wanatembea kwa jua la saa nane kama hawalisikii. Mtaani kwetu watu husema ni wapelelezi wa Marekani, ati CIA. Hakuna. Ni Wamormoni. Wenyewe hata hawapendi tena kuitwa hivyo, tangu 2018 wanaomba tuseme jina lote: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lakini ukiwa kwa geti na mtu anakuuliza "hao ni kina nani," nani ana muda wa kusema hiyo yote?

Mmoja wao tulikaa naye deski moja sekondari. Alienda misheni akiwa na miaka 19 na akatumwa Uganda, muda mwingi akawa Jinja. Hakuchagua. Unajaza fomu, unapimwa na daktari, unahojiwa na viongozi wako, halafu makao makuu kule Utah yanakuambia unaenda wapi. Wavulana wanaruhusiwa kuanzia miaka 18, wanatumikia miezi 24. Wasichana ni miezi 18. Sahi wako zaidi ya 80,000 duniani, na hakuna anayelipwa. Wanaolipa ni wao. Familia ya Marekani inatoa dola 500 kila mwezi, hiyo ni zaidi ya elfu sitini zetu. Wa huku kwetu anatoa chenye anaweza, kingine kinajazwa na mfuko wa kanisa.

Kwa baji ameandikwa Elda. Machapisho yao ya Kiswahili yanatafsiri hiyo kama Mzee. Mzee, na ndevu hazijatoka vizuri! Tulimcheka sana kwa grupu ya darasa, lakini yeye hakuwa anaona, maana simu ya misheni haina mambo ya magrupu.

Nilimuuliza anipe wiki moja. Si wiki ya sifa ile wanaweka kwa video za kanisa, wiki ya kawaida. Akaanza na Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku ya kuishi. Wanaiita siku ya maandalizi. Unafua, unanunua vitu vya kupika, unanyoa nywele, unacheza mpira kidogo. Na unapiga simu nyumbani. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, kisha Februari 2019 wakaruhusiwa kila wiki, hadi kwa video. Mamake alikuwa anaweka simu juu ya meza ya jikoni, anaendelea kukata mboga, hawasemi kitu cha maana. Aliniambia hiyo ndiyo alikuwa anangojea siku sita: kelele ya kisu.

Na hapo Jinja, mahali Nile inatoka ziwani, watu wanalipa pesa nyingi kuingia kwa hayo maji. Yeye hakuingia hata mguu. Wamisionari hawaruhusiwi kuogelea.

Jumatatu jioni wiki inaanza tena. Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi, maombi, kusoma maandiko peke yako, halafu kusoma na mwenza wako. Ukitoka, umetoka. Unarudi kama saa tatu usiku, na saa nne na nusu taa imezimwa. Hakuna filamu, hakuna Arbantone, hakuna kukatia mtu. Hiyo yote naweza kuvumilia, naambia watu. Chenye singeweza ni mwenza.

Mwenza ni mtu umechaguliwa. Unakaa naye kila saa, umbali wa kumwona na kumsikia, isipokuwa bafuni na mambo machache kama mahojiano na rais wa misheni. Yaani hakuna kutembea peke yako hadi dukani kununua krediti. Ukikasirika naye, unakasirika ukiwa karibu naye. Kila baada ya wiki sita kuna mabadiliko, unaweza kupata mwingine au uhamishwe mji. Jamaa yangu alianza na kijana wa Lubumbashi, Kiswahili chao kikawa vichekesho: huyu anasema "tunakuja," yule anasema "tuko nakuya," na mwenye nyumba ni Msoga, hataki cha yeyote. Baadaye akapewa kijana wa Idaho, mtoto wa mkulima wa viazi, ambaye alikuwa analia usiku kimyakimya akidhani hasikiki. Chumba ni kimoja. Utaficha wapi kulia?

Jumanne hadi Jumamosi ni milango. "Jebale ko, nnyabo." Mama anajibu vizuri, anauliza mnatoka wapi, anasikia neno Mormoni, anakumbuka ako na nguo za kuanua. Wengine wanawafungulia wapate kubishana. Kulikuwa na mlinzi wa duka moja ambaye kila wiki aliwauliza swali lilelile: kama kanisa lenu ni la Mungu, mbona hadi Juni 1978 mtu mweusi hakuweza kupewa ukuhani? Mwenza wa Idaho anaangalia viatu. Jamaa yangu anasema alijaribu majibu tofauti kila wiki, na mlinzi hakukubali hata moja, lakini hakuwahi kuwafukuza. Aliwapa viti.

Na mimi niko upande wa mlinzi, wacha niseme wazi. Ile hadithi ya Joseph Smith na mabamba ya dhahabu huko New York, kitabu kikachapishwa 1830, mimi hainiingii. Pia kuna ile tamthilia ya muziki ya Broadway ya 2011, inayochekesha dunia na Wamormoni wawili waliotumwa Uganda. Kanisa linachekwa, sawa, wanajitetea. Lakini Uganda yenyewe mle ndani ni mapambo tu ya umaskini ili Wamarekani wacheke vizuri. Nani alienda Jinja kuuliza wale wanaofungua milango? Mlinzi yule pekee ana mistari mizuri kuliko wote.

Tukuje kwa chai. Hawa watu hawanywi chai. Si pombe na sigara peke yake, hata kahawa na majani ya chai ni mwiko. Sasa huyu kijana kwao ni Kericho. Kogo yake amechuma majani maisha yake yote, karo yetu ya sekondari kwa upande wake ilitoka kwa hicho kichaka, na yeye hawezi kuonja. Afrika Mashariki unakataaje chai kwa nyumba ya mtu bila kumtukana? Kuna mama mmoja mjane, walikuwa wanaenda kwake kila Alhamisi. Mara ya kwanza walikataa kikombe, akanyamaza, ikawa aibu. Alhamisi iliyofuata akaleta maziwa moto na tangawizi, bila majani. Hakusema kitu. Akaweka mezani tu.

Jumapili wanaenda kanisani, na ya kwanza ya mwezi wanafunga. Halafu jioni inakuja ile sehemu nilielewa kuliko zote: ripoti. Watu wapya mnaofundisha ni wangapi? Wenye tarehe ya kubatizwa? Waliofika kanisani leo? Zinajazwa, zinatumwa.

Mimi naishi na nambari. Nikiweka video, nusu saa ya kwanza sili, naangalia. Najua venye sifuri inakukaa kifuani ukilala. Lakini yangu ni video. Yake ilikuwa roho za watu, na anaambiwa hata kama si kosa lake akikataliwa, aombe zaidi, aamke vizuri zaidi, atii zaidi. Ukiwa na miaka 19 unasikia nini hapo? Unasikia ni wewe.

Mwezi wa tisa akaacha kulala. Moyo unakimbia usiku, asubuhi mikono inatetemeka akifunga tai. Mwenza, yule wa kulia, ndiye aliyempigia rais wa misheni. Wakampeleka kwa daktari, wakazungumza naye kwa upole, anasema hivyo mwenyewe na namwamini. Walijaribu. Mwezi wa kumi na moja akarudishwa. Entebbe hadi Nairobi ni saa moja na kidogo, huwezi hata kupanga utasema nini.

Shida haikuwa Uganda. Shida ilikuwa hapa. Mtu akimaliza miezi 24, watu wanajaa, anahutubu kanisani, akina mama wanaanza kumtafutia mke. Ukirudi miezi 11, kila mtu ana swali moja kwa macho: alifanya nini? Ni msichana? Walimfukuza? Hata majirani ambao si wa kanisa hilo, ambao mwaka jana walikuwa wanamwita mpelelezi, sasa walijifanya wanajua sheria za misheni. Jirani mmoja alimuuliza mamake kwa duka la mboga, mbele ya watu, kama kijana "atarudi kumaliza." Kanisa lenyewe lina utaratibu wa utumishi mwingine kwa wanaorudi wakiwa wagonjwa, unatumikia ukiwa nyumbani. Alikubali, akapanga vitabu na kusaidia kwa mipango ya chakula kwa miezi kadhaa. Hiyo haina sherehe.

Hapo ndipo tulianza kuongea tena, mimi na yeye. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, karo iligoma na kamera ilikuwa inalipa, na sijutii. Lakini najua hilo swali la kumaliza. Shangazi zangu wanalo hadi leo, linakuja na soda. Kuna watu wanaweza kukuhesabia miaka miwili ambayo hukuifanya kwa ustadi mkubwa, na ile uliyoifanya hawana habari nayo. Miezi 11 ya kuamka gizani, kutembea kilomita nyingi, kujifunza kusalimia kwa lugha si yako, kubatiza watu watatu. Watatu. Mimi nilimwambia hiyo ni bora kuliko watazamaji wangu wote, akasema nisilinganishe, akacheka kidogo.

Bado anaamini. Hilo nilidhani lingekuwa limeisha, na nilikosa adabu nikamuuliza. Anaenda kanisani, anakaa viti vya nyuma, na tangu Mei 2025, hekalu lao la hapa Mountain View lilipofunguliwa, huenda pia huko. Baji iko kwa droo pamoja na laini za simu za Uganda. Anaamka saa kumi na mbili na nusu bila kengele, na inamuudhi.

Yule wa Idaho alimaliza zake juzi. Alimpigia akiwa uwanja wa ndege, wakaongea hadi tangazo la kupanda ndege likaingilia. Jamaa yangu alikuwa na swali moja tu, kuhusu mama wa Alhamisi: alibatizwa?

Hakubatizwa. Aliwaambia waziwazi hataacha kanisa la marehemu mumewe. Lakini Alhamisi hakufunga mlango. Wavulana wanaokuja sasa ni wengine kabisa, majina yao hata hayashiki, na maziwa ya tangawizi anaweka jikoni kabla hawajabisha.